Chombo Ndani ya Chombo: Historia Fupi ya Mashine Zinazoigizwa

Anayetoka Maskati ya zamani kwenda Bustani hawezi kuikosa Sohar. Jahazi hilo limetulia katikati ya mzunguko wa barabara, karibu na hoteli ya Al Bustan Palace, na wengi wetu tumelipita mara nyingi bila kuuliza lilitoka wapi. Lilijengwa Sur, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Novemba 1980 liliondoka Maskati likiwa na Tim Severin na mabaharia wa Kiomani, na Julai 1981 likafika Guangzhou, Uchina. Severin hakuwa na bidhaa ya kuuza. Alikuwa na swali: je, chombo cha kushonwa, kama kile kinachosimuliwa katika safari za Sindbad, kingeweza kweli kuvuka bahari hiyo yote? Vitabu peke yake havikuweza kumjibu, basi ikabidi chombo kijengwe upya na kitiwe baharini.

Tunaanza na jahazi, ingawa makala hii ni ya kompyuta, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi aliyoifanya Severin ndiyo ile ile wanayoifanya watu wa kompyuta wanapoigiza mashine ya zamani, au mashine wasiyokuwa nayo, ndani ya mashine waliyo nayo. Ya pili ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili jahazi ni chombo, sufuria ni chombo, na kifaa cha fundi ni chombo. Leo watengenezaji wa programu nao wana kitu wanachokiita kontena, na ukitaka kulisema kwa neno letu la zamani utasema chombo tu. Muhula uliopita baadhi yetu katika klabu tulijaribu kuendesha mfumo wa ruta ndani ya kontena kwenye kompyuta ya mkononi. Ilituchukua siku nyingi kuliko tulivyodhani, na katika kutafuta kwa nini, tukajikuta tunasoma historia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mashine iliyojificha ndani ya kifaa

Ruta ya nyumbani, ile yenye taa ndogo zinazowaka na kuzima, ni kompyuta kamili. Ina kichakato, ina kumbukumbu, na ina mfumo endeshi wake. Tofauti yake na kompyuta ya mezani ni kwamba mfumo huo umepachikwa humo humo kiwandani ili ufanye kazi moja. Hauna kioo wala kibodi, na mwenye nyumba hauoni. Mifumo iliyopachikwa namna hii imo pia ndani ya mita za umeme, mashine za hospitali, magari na kamera za barabarani.

Kwa miaka mingi mifumo hii ilikuwa siri ya viwanda. Mlango mmoja ulifunguka baada ya ruta ya Linksys WRT54G kuingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2002. Mwaka 2003 watu waliochunguza programu yake waligundua kuwa ndani mna Linux. Leseni ya Linux inamlazimu anayeisambaza kutoa pia msimbo wake, na baada ya kudaiwa, kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo huo, mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huru wa ruta ambao mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuuweka katika kifaa chake. Upande mwingine, kampuni ya MikroTik ya Riga, Latvia, iliyoanzishwa 1996, ilitengeneza mfumo wake wa RouterOS, kwanza kwa kompyuta za kawaida na baadaye kwa vifaa vyake yenyewe. Ruta za kampuni hiyo zimeenea sana kwa watoa huduma wadogo wa intaneti Afrika Mashariki, kwa sababu bei yake inaelekea na kazi yake ni kubwa.

Lakini anayetaka kujifunza mtandao hatosheki na ruta moja. Mtandao ni mazungumzo, na mazungumzo hayana maana bila wa kuzungumza naye. Ili ujifunze jinsi mashirika mawili yanavyobadilishana njia unahitaji ruta mbili, na ili ujifunze kinachotokea njia moja ikikatika unahitaji tatu au nne. Hapo ndipo fedha inapoanza kusema, na hapo ndipo hadithi ya kuigiza inapoanza.

Kuigiza kulianza na biashara

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza jamii mpya ya kompyuta, System/360. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ilikuja na tatizo. Wateja walikuwa na kompyuta za zamani, khasa IBM 1401, na walikwishaandika programu nyingi za mishahara, stoo na hesabu za benki. Mashine mpya haikuifahamu lugha ya mashine ya zamani. Nani angekubali kuandika upya kazi ya miaka yote hiyo?

Jibu la wahandisi lilikuwa kuifundisha mashine mpya kujifanya ya zamani. Programu ya 1401 ilipotoa amri, mashine mpya iliipokea, ikaifasiri, ikafanya ambacho 1401 ingefanya, ikarudisha jibu lile lile. Programu haikujua kuwa imehamishwa nyumba. Chombo kinachofanya kazi hiyo sisi tumekiita kiigizaji.

Hapa inafaa kutofautisha. Picha ya jahazi inaonyesha sura ya jahazi lakini haielei. Kiigizaji si picha. Kinatakiwa kitende kama mashine yenyewe, pamoja na kasoro zake, kwa kuwa programu nyingine zimeandikwa zikizitegemea hata hizo kasoro. Oman inayo mfano mwingine mzuri wa jambo hili. Jahazi la Jewel of Muscat lilijengwa Qantab, nje kidogo ya Maskati, kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 kilichozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Mabaki yalionyesha aina ya mti uliotumika, basi wajenzi wakaagiza mbao kutoka Ghana, na wakazishona badala ya kuzipigilia misumari. Liliondoka Februari 2010 na likafika Singapore Julai mwaka huo huo, zawadi ya Oman kwa nchi hiyo. Njiani, Sri Lanka, ilibidi milingoti ibadilishwe. Mchoro wa karatasini usingeliwaambia wajenzi kuwa milingoti ile haitostahimili. Waliambiwa na bahari.

Ruta saba katika kompyuta moja

Turudi kwenye mtandao wa pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliunganisha Aden na Zanzibar, na kwa muda mrefu habari za kisiwa zilipitia njia hiyo. Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, waya wa TEAMS ulilazwa kutoka Fujairah, jirani zetu hapa kwenye Bahari ya Oman, mpaka Mombasa. Mwaka huo huo SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti, ghali na ya polepole.

Waya ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa watu wanaojua kuziendesha ruta kubwa zinazoamua barua ya Nairobi ipite wapi ili ifike Kampala. Kwamba ujuzi huo ulihitajika kulikwisha kuonekana zamani. Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili isilazimike kupanda setilaiti na kushuka ng'ambo kabla ya kurudi. Wiki mbili baadaye kikafungwa kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano, baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje, kulalamika. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2000 huo huo, wahandisi wa Afrika wakiongozwa na Nii Quaynor wa Ghana walianzisha AfNOG, mkusanyiko wa waendeshaji mitandao unaoambatana na mafunzo. Mkusanyiko huo umezunguka bara zima, na kwetu Afrika Mashariki umefika Kampala mwaka 2003 na tena 2019, Nairobi mwaka 2006 na 2017, Kigali mwaka 2010, na Dar es Salaam mwaka 2011.

Mafunzo ya aina hii yalihitaji mashine. Ruta za kiwango cha mtoa huduma ni nzito, zina kelele, zinakula umeme, na kuzisafirisha kunahitaji karatasi za forodha. Darasa la wanafunzi thelathini haliwezi kupewa kila mtu yake.

Mwaka 2005 Christophe Fillot, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Compiègne, Ufaransa, alianza kuandika programu aliyoiita Dynamips. Iliigiza ruta ya Cisco 7200 juu ya kompyuta ya kawaida. Haikuonyesha mfano tu wa amri za ruta, bali iliupokea mfumo endeshi halisi wa kampuni hiyo na kuuendesha kana kwamba umo ndani ya chuma chake. Baadaye ikaja GNS3, iliyompa mtumiaji ubao wa kuchora ruta na kuziunganisha kwa mistari. Ghafla mwanafunzi wa Arusha au wa Kisumu mwenye kompyuta moja akaweza kuwa na ruta saba.

Kulikuwa na kero moja inayofundisha. Ruta moja tu iliyoigizwa ilikula nguvu yote ya kichakato, hata kama haikuwa na kazi. Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Ruta halisi ikiwa haina kazi huzunguka katika kitanzi kifupi cha amri, inasubiri. Haina haja ya kupumzika, kwa kuwa kichakato ni chake peke yake. Kiigizaji hakikuweza kutofautisha kusubiri na kufanya kazi, kikawa kinaigiza kusubiri kwa bidii zote. Dawa ilikuwa kukitafuta kitanzi hicho ndani ya programu na kumwambia kiigizaji: ukimwona mtu amefika mahali hapa mara nyingi, jua amekaa tu, nawe lala kidogo. Kwa namba hiyo moja, kompyuta iliyokuwa inalemewa na ruta moja iliweza kubeba nyingi.

Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ambacho tangu 1992 kimesaidia mafunzo ya mitandao katika nchi nyingi zikiwamo zetu, kilizitumia njia hizi kujenga maabara nzima ndani ya seva moja. Ruta ziliigizwa, na kompyuta za wanafunzi zikawekwa ndani ya kontena za Linux. Mwalimu akabeba maabara katika begi. Na hapo ndipo viigizaji na kontena vilipokutana.

Kontena ilitoka bandarini

Neno kontena tumelijua bandarini kabla ya kulijua kwenye kompyuta. Mwezi Aprili 1956 meli Ideal X ilitoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya Malcom McLean. Kabla ya hapo shehena ilipakiwa gunia kwa gunia. Faida ya sanduku ni kuwa winchi, meli na lori havijali kilichomo. Maskati imeyashuhudia mabadiliko hayo: Bandari ya Sultan Qaboos, Mutrah, ilishughulikia makontena mpaka mwaka 2014, shughuli za shehena zilipohamishiwa Sohar.

Watu wa programu walikuwa na tatizo lile lile la gunia kwa gunia. Programu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta ya aliyeiandika inakataa kwenye kompyuta ya mwingine, kwa sababu maktaba moja ni ya toleo jingine au faili moja haipo. Wazo la kuitenga programu lina umri mkubwa. Mwaka 1979 Unix ilipata amri ya chroot, inayoifanya programu ione folda moja kana kwamba ndiyo diski yote. Mwaka 2000 FreeBSD ikaleta jela zake, ambamo programu ilitengwa pia kwa watumiaji na mtandao. Katika Linux kazi ilifanyika kipande kwa kipande: njia za kuifanya programu ione orodha yake yenyewe ya michakato na kadi zake za mtandao, kisha mwaka 2008 njia ya kuipimia kila kundi la michakato kiasi chake cha kumbukumbu na kichakato. Mwaka 2013 Solomon Hykes akaionyesha Docker, iliyovifunga vipande hivyo vyote katika sanduku moja rahisi kujengwa na kusafirishwa, na matumizi yakaenea dunia nzima.

Hapa ndipo sisi tulipokosea mwanzoni, na tunaona wengi hukosea hapo. Tulidhani kontena ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Sivyo. Kontena haina kiini chake cha mfumo endeshi. Hutumia kiini cha mwenyeji. Ni chumba ndani ya nyumba, chenye mlango wake na kufuli yake, lakini msingi na paa ni vya nyumba nzima. Kiigizaji ni kinyume chake: ni nyumba nzima iliyojengwa ndani ya chumba, na msingi wake na paa lake.

Kwa hiyo ruta yenye kiini chake maalumu, au yenye kichakato cha aina nyingine, haiwezi kuingia kwenye kontena hivi hivi. Inahitaji kiigizaji kwanza. Na kiigizaji nacho ni programu yenye maktaba nyingi na amri ndefu za kuwashia, basi hicho ndicho kinachotiwa kwenye kontena. Ndiyo maana tukasema chombo ndani ya chombo. Kila kimoja kina kazi yake: kiigizaji kinaipa ruta mwili, na kontena inampa kiigizaji sanduku la kusafiria.

Tuliyoyapata sisi

Tulichagua OpenWrt kwa sababu ni mfumo huru na hatukutaka kutumia mfumo wa kampuni bila ruhusa. Kiigizaji kilikuwa QEMU, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2003 na inayoweza kuigiza vichakato vya aina nyingi.

Jaribio la kwanza lilikuwa OpenWrt ya kichakato cha MIPS, aina iliyokuwamo katika ruta nyingi za nyumbani. Iliwaka, lakini polepole. Sababu ni kwamba kila amri ya MIPS ilibidi ifasiriwe kwa lugha ya kichakato cha kompyuta yetu. Linux ina njia ya mkato, KVM, iliyoingia katika kiini chake mwaka 2007, inayomruhusu mgeni kutumia kichakato halisi moja kwa moja, lakini njia hiyo haifai pale mgeni na mwenyeji wanaposema lugha mbili. Tulipochukua OpenWrt iliyotengenezwa kwa kichakato cha aina ya kompyuta yetu, na kontena ikaruhusiwa kuifikia KVM, ruta ikawaka haraka.

Kikwazo cha pili kilikuwa mtandao. Ruta isiyozungumza na mtu si ruta. Ili kadi ya mtandao ya kuigizwa iunganishwe na dunia, kontena ilihitaji ruhusa ya kutengeneza kadi za bandia na daraja la kuziunganisha. Tovuti nyingi zinashauri ipewe ruhusa zote. Tulifanya hivyo siku ya kwanza, na mwenzetu mmoja akauliza: ikiwa tumempa mgeni funguo zote za nyumba, kufuli ya chumbani ni ya nini? Alikuwa na haki. Tukarudi nyuma tukatoa ruhusa mbili tu zilizohitajika: ya kusimamia mtandao, na ya kifaa kimoja maalumu.

Kikwazo cha tatu kilitugharimu jioni nzima. Mmoja wetu aliandika kanuni zote za ukuta wa usalama, akapanga anwani, akajaribu, kila kitu kikafanya kazi. Akafunga, akaifuta kontena ili aiwashe upya asubuhi. Asubuhi ruta ilikuwa tupu kama imetoka dukani. Kontena imetengenezwa iwe ya kutupwa, na kilichoandikwa ndani yake hutupwa nayo. Ruta, kwa upande wake, imetengenezwa ikumbuke mipangilio yake hata umeme ukikatika mara mia. Tabia mbili hizi zinagongana. Dawa ni kuliweka faili la diski ya ruta nje ya kontena, katika folda ya mwenyeji, na kontena ionyeshwe tu mahali lilipo. Ni mstari mmoja wa amri, lakini hatukuujua mpaka tulipopata hasara.

Mwisho wa yote tulikuwa na ruta tatu katika kompyuta moja, tumekata waya wa bandia kati ya mbili, na tumeona kwa macho yetu ya tatu ikitafuta njia nyingine. Hakuna aliyetoa hata baisa moja.

Mipaka ya kuiga

Tusiseme kuwa kiigizaji kinatosha. OpenWrt ya kuigizwa haikutufundisha chochote juu ya mawimbi ya redio, kwa kuwa QEMU haina antena. Haikutufundisha joto linavyoiua ruta iliyowekwa juu ya paa katika mwezi wa Julai, wala vumbi, wala umeme unaopanda na kushuka. Fundi aliyejifunza kwenye kioo peke yake atashangaa siku atakapopanda mnara. Sohar nayo ilikwenda Uchina kwa upepo na kamba, lakini Severin hakuwa na hofu ya mtu wa karne ya 9 asiyejua kama Uchina iko mbali kiasi gani.

Upo pia mpaka wa haki. Dynamips ilikuwa programu huru, lakini mfumo wa ndani iliouendesha ulikuwa mali ya Cisco, na wanafunzi wengi duniani waliupata kwa njia ambazo hawakupenda kuulizwa. MikroTik imechukua njia ya kati: inatoa toleo la RouterOS la kuendeshwa ndani ya mashine za kuigizwa, na bila malipo kila mlango unapitisha megabiti 1 tu kwa sekunde. Hiyo haitoshi kwa biashara, lakini mwanafunzi hahitaji zaidi. Na tangu mwaka 2022 RouterOS yenyewe imewezeshwa kuendesha kontena ndani ya ruta, hata mwenye kuwekwa chomboni naye amekuwa mwenye chombo.

Kwa nini klabu ya Kiswahili

Walimu wetu wanaweza kuuliza: haya ni ya kitivo cha kompyuta, yameingiaje katika gazeti la klabu ya Kiswahili? Tuna jibu.

Disemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioendeshwa pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza Mswahili aliweza kufungua faili, kuhariri na kuhifadhi kwa lugha yake katika programu kubwa ya aina hiyo. Waliofanya kazi ile ilibidi waamue maneno mamia ambayo hayakuwapo, na nyuma ya kila menyu palikuwa na mjadala. Kwa mwanafunzi wa lugha, programu hiyo ni hati ya historia kama barua za Said bin Sultan zilivyo hati kwa mwanafunzi wa siasa.

Lakini barua hufunguliwa ikasomwa. Programu ya mwaka 2004 iliandikwa kwa mifumo ya wakati ule. Orodha ya maneno yake unaweza kuikuta katika faili, lakini atakayetaka kuona mtumiaji wa 2004 alikutana na nini kwenye kioo, neno gani lilikatwa kwa kukosa nafasi, lipi lilikaa pembeni ya lipi, njia ya uhakika ni kuigiza kompyuta ya wakati ule na kuiendesha humo. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za Kiswahili za simu za zamani na kwa kamusi zilizotolewa katika sidii.

Mtepe unatupa onyo. Chombo hicho cha kushonwa cha pwani yetu kilitoweka katika karne iliyopita bila mtu kuandika kila fundo. Baadaye mfano wake ulijengwa ukawekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, na Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Wajenzi wa mfano walilazimika kukisia mambo ambayo mafundi wa zamani waliyajua bila kufikiri. Sisi bado tuna mafundi wetu hai, na vifaa vyao vimo kwenye makabati ya wazee wetu.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa wanachama. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam au hapa hapa Ruwi mwenye sidii ya zamani ya programu ya Kiswahili, simu iliyokufa yenye menyu ya Kiswahili, au kompyuta iliyofunikwa kitambaa chumba cha nyuma. Msiitupe. Ileteni klabuni, pamoja na jina la mwenyewe na mwaka aliponunua, ikiwa anaukumbuka. Tutanakili kilichomo, tutakiwekea kiigizaji kinachokifaa, na tutakifunga katika kontena ili atakayekuja baada yetu akifungue kwa amri moja bila kupoteza jioni kama sisi.

Na faili la diski, safari hii, tutaliweka nje.